Kutoka Njia ya Mitumbwi hadi Ufuo wa Mapumziko: Ziwa Kivu Upande wa Rusizi

Historia ya mapumziko katika Ziwa Kivu huanzia, mara nyingi, kwenye hoteli. Makala hii inaianzia mpakani. Hoja yake ni kwamba katika wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, ufuo uligeuka kuwa mahali pa starehe baada ya maji yaliyotumiwa kwa pamoja kugawanywa kisiasa. Na kwamba lugha ambayo imeendelea kuwakutanisha watu wa pande zote mbili ni Kiswahili.

Kabla ya ukoloni, ziwa lilikuwa njia. Mitumbwi ilibeba watu, mazao na bangili za kusuka zilizoitwa butega kati ya Kinyaga, kisiwa cha Ijwi na ufuo wa magharibi. Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani Richard Kandt alijenga makazi yake Shangi na kuyaita Bergfrieden, yaani amani ya mlimani. Jina hilo linadokeza mtazamo mpya, wa ziwa kama mandhari ya kuburudisha macho na nafsi. Mwaka 1910, makubaliano ya Brussels yaliiweka Ijwi upande wa Kongo ya Wabelgiji, na mto Rusizi ukawa mpaka.

Chini ya Wabelgiji, starehe za maji zilistawi zaidi ng'ambo, katika mji wa Costermansville, ambao leo ni Bukavu. Nyumba za walowezi na hoteli zilijengwa kwenye rasi zinazoingia ziwani. Mwafrika alifika katika fuo hizo hasa kama mpishi, mtumishi au mvuvi. Hivyo, dhana ya likizo ya ziwani iliingia katika eneo hili ikiwa na mipaka miwili: wa dola na wa rangi.

Hata hivyo, maarifa ya ziwa yalibaki kwa wenyeji, na sehemu yake imehifadhiwa katika msamiati. Sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanajulikana kwa jina hilo pande zote mbili. Neno mazuku, linalotumiwa kaskazini mwa ziwa kwa mabonde na mashimo yanayokusanya hewa ya ukaa na kuua bila dalili, limekubaliwa na wanajiolojia wa kimataifa. Watu wa ufuoni walikuwa wameitaja hatari hiyo kabla ya vipimo vya maabara.

Mwaka 1994, ziwa na madaraja ya Rusizi yalikuwa njia za wakimbizi. Kurejea kwa ufuo huo kuwa mahali pa kupumzikia, pamoja na njia ya matembezi ya Kongo-Nile yenye urefu wa kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ni jambo la kihistoria linalostahili uzito wake. Mpaka ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, ilidhihirika tena kwamba uhai wa ufuo huu unategemea wavukao.

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Kwa watunga sera, historia hii ina mafunzo mawili. Kwanza, mipango ya utalii wa ziwani imhesabu mkazi wa Kamembe na mgeni kutoka Bukavu kuwa wapumzikaji, sawa na mtalii wa mbali, na iwaachie sehemu za ufuo zisizo na kiingilio. Pili, maonyo kuhusu kina, mawimbi na gesi yaandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kinyarwanda, yakitumia maneno ambayo wavuvi tayari wanayo. Onyo lisilosomeka na anayeogelea halimlindi, hata likiandikwa kwa ufasaha kiasi gani.