Kelele za Beetle: jinsi watu walivyojifunza kunyamazisha gari

Leo naziweka programu kando kidogo niandike kuhusu gari, ingawa mwishoni mtaona kwamba tarakilishi imejipenyeza humo pia. Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle ya zamani. Likipinda kona unalitambua kabla hujaliona. Swali langu ni hili: mbona lina kelele vile, na anayelifufua leo alifanyeje ili abiria wa nyuma wasikilizane?

Ferdinand Porsche alilibuni miaka ya 1930 liwe gari la bei nafuu. Injini yake hupozwa kwa hewa. Katika magari mengi mitungi ya injini imezungukwa na maji, na maji yale humeza sehemu ya kelele. Beetle haina maji. Ina mapezi ya chuma na feni inayozungushwa kwa mkanda, na mtambo mzima umekaa nyuma ya mgongo wa abiria. Zaidi ya hapo, hewa ya kupasha joto ndani hutoka huko huko kwenye injini na kupitia mifereji iliyo chini ya milango. Panapopita joto, sauti nayo hupita.

Kiwanda cha Wolfsburg kilianza kuwaundia raia magari haya mwishoni mwa mwaka 1945, chini ya usimamizi wa jeshi la Uingereza. Dawa ya kelele ilikuwa ya kawaida sana: mbao za karatasi ngumu iliyotiwa lami kwenye chumba cha injini, na tabaka la nyuzi nzito nyuma ya kiti. Wateja hawakukataa. Huku kwetu Beetle ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na sidhani kuna dereva aliyelalamika kuhusu masikio katika tope lile.

Sasa tuje kwenye sayansi, na hapa ndipo ninapopapenda. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba dawa ya kelele ni uzito tu. Si uongo, lakini ni dawa ghali: ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, unapunguza sauti inayopenya kwa desibeli 6 hivi. Kwa gari la kilo 700 na ushei lenye injini ndogo, utajaza uzito mpaka lishindwe na mlima wa Limuru.

Mwaka 1952 Mjerumani Hermann Oberst alichapisha hesabu zilizoonyesha njia nyingine. Bati jembamba la gari ni ngoma. Ukilibandika tabaka la kitu kizito chenye mnato, kama lami iliyochanganywa, kila bati linapojikunja tabaka lile hunyumbuka na kugeuza mtetemo kuwa joto dogo sana. Hapo hukuzuia sauti isipite, umeizuia isizaliwe. Mwaka 1959 Mmarekani Edward Kerwin akaeleza jambo zuri zaidi: ukiufunika mnato ule kwa karatasi nyembamba ya chuma, unabanwa katikati na kufanya kazi kubwa kwa uzito mdogo. Zile shiti za mpira wenye foili ya alumini zinazouzwa leo kwa ajili ya magari ni wazo hilo hilo.

Mtengeneza programu atalielewa hili haraka: rekebisha hitilafu inakoanzia, usiifiche kwenye skrini. Gonga bati kwa kidole. Likilia kama sufuria tupu, bandika kipande katikati. Likijibu kwa sauti butu, liache. Huhitaji kufunika kila inchi, hata kama muuzaji atakuambia hivyo.

Tarakilishi iliingia hivi. Paul Lueg, Mjerumani mwingine, alipata hati miliki ya Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kuua sauti kwa sauti: wimbi linapopanda, spika itoe wimbi linaloshuka. Wazo lilikuwa sahihi ila vifaa havikuwepo. Ilibidi zingoje chipu zenye kasi, na mwaka 1992 Nissan ikauza Bluebird yenye mfumo huo nchini Japani. Mbinu hii huweza ule mngurumo mzito wa injini. Mlio mkali wa feni huushindwa. Kwa Beetle haina msaada mkubwa.

Turudi kwa fundi basi, maana kuna njia ya kuiua Beetle kwa kuinyamazisha. Zulia nene lenye sifongo likiwekwa sakafuni hunywa maji ya mvua yanayopenya kwenye mipira ya madirisha, na bati la chini huoza pole pole bila mtu kuona. Betri nayo iko chini ya kiti cha nyuma: shiti yenye alumini ikigusa vichwa vyake, umetengeneza hita ya moto. Pale weka mpira mtupu, na uhakikishe betri ina kifuniko chake, kwa sababu hata springi za kiti zimewahi kuwasha moto.

Na kabla hujanunua chochote, kagua mipira inayoziba pembeni mwa injini pamoja na matundu ya nyaya kwenye ukuta wa nyuma. Kelele nyingi hupitia hapo. Moshi nao hupitia hapo. Katika modeli za kuanzia 1963, hewa ya joto hupita kwenye maboksi yanayozunguka mabomba ya moshi. Maboksi hayo yakitoboka kwa kutu, gesi ya kaboni monoksaidi huingia ndani, na haina harufu. Badilisha maboksi kwanza. Zulia litangoja.