Kutoka Kisesa hadi Arusha kwa njia ya ukingo wa Ngorongoro

MSAFIRI anayetoka Kisesa, wilayani Magu, kwenda Arusha ana njia mbili. Ya kwanza hupita barabara ya mchepuko hadi Usagara, kisha Shinyanga, Nzega, Singida, Katesh na Babati. Ni ndefu, lakini ni ya lami na haina kiingilio. Ya pili hupita Magu na Lamadi hadi lango la Ndabaka, na kukatiza Hifadhi ya Taifa Serengeti na Hifadhi ya Ngorongoro. Hii ni fupi zaidi, ila abiria hutozwa viingilio vya hifadhi zote mbili juu ya nauli. Kwa familia ya watu watano, tofauti hiyo si ndogo.

Anayemudu gharama hizo hupanda mlima pasipo kujua. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Ndabaka nchi ni tambarare kwa saa kadhaa, mwendo ukiwa hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Malango hufungwa jioni, hivyo dereva anayechelewa kuondoka huhatarisha safari nzima.

Baada ya kilima cha Naabi, barabara ya vumbi huanza kupanda, ikipita karibu na Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Hatimaye hufika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Aliyeondoka ziwani na shati jepesi hujuta hapo, kwani baridi ni kali na asubuhi nyingi ukungu huziba hata kona iliyo mbele ya gari. Ukungu ukiondoka, sakafu ya kreta huonekana mita 600 hivi chini. Kandokando ya barabara upo mnara wa kumbukumbu wa Michael Grzimek, aliyefariki katika ajali ya ndege Januari 1959, na baba yake, Bernhard, aliyezikwa kando yake.

Lami huanza lango la Lodoare. Kutoka Karatu barabara huteremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, Ziwa Manyara likiwa upande wa kulia. Mteremko huo huhitaji gia nzito na breki nzima.

Aidha, mwaka 2010 Serikali ilitangaza mpango wa barabara kuu kaskazini mwa Serengeti, kupitia Mugumu na Loliondo. Wakazi wa huko walitarajia soko na hospitali za karibu; wahifadhi walihofia njia ya nyumbu. Juni 2014, Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia Serikali kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi.