Sauti ya Pangani Katika Kundi la Jeshi: Bi. Shakila Saidi na Nafasi ya Mwimbaji Kiongozi Katika Muziki wa Majeshi Tanzania

Utangulizi

Historia ya muziki wa majeshi nchini Tanzania imeandikwa zaidi kupitia bendi za dansi. Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na Polisi Jazz hutajwa kila panapojadiliwa namna dola ilivyoutumia muziki kulijenga taifa baada ya uhuru. Taarab ya majeshi imebaki pembezoni mwa mjadala huo, na waimbaji wake wa kike wamebaki huko pamoja nayo. Makala hii inalichunguza pengo hilo kupitia maisha na kazi ya Bi. Shakila Saidi, aliyezaliwa Pangani mwaka 1947, akaimba na klabu za Black Star na Lucky Star mjini Tanga, kisha akajiunga na kundi la taarab la JKT jijini Dar es Salaam. Alifariki dunia Agosti 2016. Inadaiwa hapa kwamba jeshi lilimpatia mwimbaji huyu ajira na jukwaa, lakini halikuiunda sauti yake wala halikuimiliki maana ya nyimbo zake.

Tanga na malezi ya sauti

Sauti ya Bi. Shakila haieleweki bila kuuelewa mji uliomlea kisanaa. Kuanzia miaka ya 1890, reli, bandari na mashamba ya mkonge viliigeuza Tanga kuwa kituo cha wafanyakazi kutoka bara na pwani. Katika mji huo bendi za dansi, kama vile Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ziliishi jirani na klabu za taarab. Ujirani huo ulizaa mtindo wa pekee. Wakati vikundi vikubwa vya Zanzibar, kikiwamo Nadi Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, viliendelea kutegemea udi, kanuni na fidla nyingi kwa mfano wa Misri, klabu za Tanga zilichagua kundi dogo lenye gitaa la umeme, gitaa la besi, kodiani au kinanda, na ngoma. Mdundo ulikuwa mwepesi na wimbo mfupi kiasi cha kuenea katika sahani ya santuri.

Uchache wa ala ulikuwa na athari kwa mwimbaji. Katika okestra kubwa sauti husindikizwa na kufunikwa kwa zamu. Katika kundi la Tanga ilibaki mbele muda wote, na kila neno la shairi lilipaswa kusikika. Hapo ndipo Bi. Shakila alipojijengea hadhi katika miaka ya 1960 akiwa na Black Star, na baadaye Lucky Star, klabu iliyotokana na mgawanyiko wa Black Star. Wimbo "Macho Yanacheka" ulimfanya ajulikane mbali na Tanga. Redio na santuri ziliupeleka mtindo huo Mombasa na kwingineko Afrika Mashariki.

Ni muhimu kutambua kwamba klabu hizo zilikuwa vyama vya watu wa mji. Ziliishi kwa ada za wanachama, mialiko ya harusi na tuzo za watazamaji. Utaratibu huo uliipa klabu uhuru, lakini haukumhakikishia mwimbaji kipato cha kudumu.

Jeshi kama mwajiri

JKT ilianzishwa Julai 1963 kwa lengo la kuwaunganisha vijana wa mikoa yote katika kazi, nidhamu na uzalendo. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imeunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa msimamo kwamba ukoloni uliwafanya Waafrika wazidharau ngoma na nyimbo zao. Kwa hiyo jeshi la vijana kuwa na vikundi vya sanaa halikuwa jambo la ziada; lilikuwa sehemu ya kazi yake ya malezi.

Hata hivyo, itikadi peke yake haielezi kwa nini msanii aliyekwisha kupata jina angehamia katika kundi la jeshi. Sababu za kiuchumi zinastahili uzito zaidi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilikumbwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Vipaza sauti, magitaa na hata nyuzi zake vilikuwa bidhaa adimu. Taasisi za umma zilikuwa na uwezo wa kununua ala, kuwa na magari ya kusafirisha wasanii na kulipa mshahara wa mwezi. Bi. Shakila alijiunga na kundi la JKT katika miaka hiyo ya 1980. Kuhama kwake kutoka klabu ya mji kwenda taasisi ya dola kunalingana na mwelekeo wa wanamuziki wengi wa kizazi chake.

Ulinganifu na Urusi

Nafasi ya mwimbaji kiongozi katika kundi la jeshi hubainika zaidi inapolinganishwa na kwaya ya jeshi la Kisovieti iliyoanzishwa na Alexander Alexandrov mjini Moscow mwaka 1928 ikiwa na wasanii 12 tu. Katika kwaya hiyo mwimbaji kiongozi husimama mbele ya safu za wanaume waliovaa sare, na nguvu ya sauti yake hutokana kwa kiasi kikubwa na umoja unaomwitikia nyuma. Evgeny Belyaev, aliyevuma nje ya nchi yake kwa wimbo "Kalinka" baada ya ziara ya London ya mwaka 1956, alifahamika duniani kupitia kwaya hiyo.

Kwa Bi. Shakila mpangilio huo uligeuka. Jina lilitangulia, taasisi ikafuata. JKT haikumpa hadhira mpya kabisa; ilipokea pia hadhira aliyokuja nayo kutoka Tanga.

Hadhira na maana

Tofauti ya pili ni ya maana. Kelly Askew, katika utafiti wake kuhusu muziki na siasa za utamaduni Tanzania uliochapishwa mwaka 2002, anaonyesha kwamba maana ya wimbo wa taarab haikamiliki mpaka mtazamaji anapoinuka kutunza. Anayetoa noti wakati wa beti fulani huitumia beti hiyo kumsema jirani, mke mwenza au mpenzi aliyekimbia. Kundi likiwa la jeshi, utaratibu huo haupotei. Mwajiri anaweza kuchagua tukio na jukwaa, lakini hawezi kumwamuru mwanamke aliyeketi mstari wa tatu anamlenga nani kwa tuzo yake. Hivyo wimbo wa mapenzi ulioimbwa chini ya bendera ya jeshi ulibaki na uhuru ambao wimbo wa kusifu viongozi haukuwa nao.

Hitimisho

Maisha ya Bi. Shakila Saidi yanadai marekebisho mawili katika historia ya muziki wa Tanzania. Kwanza, udhamini wa majeshi usichukuliwe kuwa propaganda tu. Ulikuwa pia ajira, na kwa wanawake wa pwani ulikuwa mojawapo ya njia chache za kuigeuza sauti kuwa kazi ya mshahara. Pili, kumbukumbu zenyewe zisomwe kwa tahadhari. Mkusanyo uitwao "Nyota", uliotolewa London mwaka 1989, unawatambulisha wasikilizaji wa nje kwa majina ya Black Star na Lucky Star. Kanda za vikundi vya umma nazo huhesabiwa kwa majina ya taasisi. Mtafiti anayefuata majina ya vikundi pekee atakuta vipande vitatu vya historia visivyohusiana: klabu mbili za Tanga na kundi moja la jeshi Dar es Salaam. Akifuata sauti, atakuta ni kazi ya mtu mmoja, mwanamke wa Pangani.