Sotoka Ilivyoshindwa Kutoka Kabete na Muguga

Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na njaa ikafuata.

Baadaye maabara za mifugo zilijengwa Kabete, kisha Muguga, magharibi mwa Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Muguga, mtafiti Walter Plowright alikuza virusi vya aina ya Kabete O katika seli za figo za ndama, akivihamisha chupa hadi chupa mara zipatazo 90, hadi vikapoteza makali bila kupoteza uwezo wa kuleta kinga.

Chanjo iliyotokana na virusi hivyo ilikuwa nafuu na rahisi kuzalishwa kwa wingi. Hapo ndipo utafiti ulipogeuka kiwanda. Ikatengenezwa katika nchi nyingi, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui.