Kuunda kompyuta ya gemu kwa fedha kidogo: Vipuri vipi vitangulie?

KIJANA anayedunduliza fedha ili aunde kompyuta yake ya kwanza ya kuchezea gemu hukabiliwa na kishawishi kimoja kikubwa: kununua kipuri kimoja leo na kingine mwezi ujao, kadiri fedha zinavyopatikana na kadiri muuzaji anavyomsifia bidhaa.

Matokeo yake ni kujikuta na vipuri vizuri visivyokubaliana. RAM haiingii katika ubao mama, prosesa haitambuliwi, au kasha ni fupi kuliko kadi iliyomaliza nusu ya akiba yake.

Kwa mwenye bajeti ndogo, hasara ya namna hiyo huzidi tofauti yoyote ya bei kati ya duka moja na jingine. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ni kuandika orodha nzima na kuikagua kabla ya kununua hata skrubu moja.

Orodha hiyo ina vipuri saba: kadi ya michoro, prosesa, ubao mama, RAM, diski, pawa sapalai na kasha. Skrini huhesabiwa kando, lakini ndiyo inayopaswa kufikiriwa mapema kuliko vyote.

Skrini ya kawaida yenye nukta 1,920 kwa 1,080 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Mwenye skrini hiyo hana sababu ya kulipia kadi inayotoa picha 150 kwa sekunde, kwa kuwa nyingi ya picha hizo hatazifaidi.

Katika gemu nyingi za kisasa, mzigo mkubwa huiangukia kadi ya michoro. Hivyo ni busara kadi ipewe fungu kubwa kuliko kipuri kingine chochote, takriban theluthi moja hadi asilimia 40 ya fedha zote.

Mfano mzuri ni Radeon RX 6600, iliyotolewa na kampuni ya AMD Oktoba 2021 kwa bei ya dola 329 za Marekani. Kadi hiyo ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 na hutumia wati 132 tu, kiasi kwamba haihitaji pawa sapalai kubwa.

Kampuni ya Intel nayo ilitoa kadi ya Arc B580 Desemba 2024 kwa dola 249, ikiwa na gigabaiti 12. Hata hivyo, kadi hiyo huhitaji prosesa na ubao mama wa miaka ya karibuni, la sivyo nguvu zake hupungua sana.

Wengi hukimbilia kadi zilizokwishatumika. Si jambo baya, lakini linahitaji tahadhari. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mfumo uliotegemea kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni.

Aidha, zipo kadi za jina moja lakini nguvu tofauti. RX 580 yenye maandishi 2048SP, kwa mfano, kwa ndani inakaribia zaidi RX 570 kuliko RX 580 kamili. Programu ya bure ya GPU-Z huonyesha kilichomo ndani ya kadi, hivyo mnunuzi asione haya kuomba ifunguliwe mbele yake kabla ya kutoa fedha.

Kwa upande wa prosesa, hakuna haja ya kununua ya bei ya juu kabisa. Ryzen 5 5600 yenye viini 6, iliyotoka Aprili 2022, inatosha kuilisha kadi ya kiwango hicho. Intel Core i3-12100F yenye viini 4, ya Januari 2022, ni nafuu zaidi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba prosesa hizo mbili hazina uwezo wa kuonyesha picha zenyewe. Bila kadi ya michoro, skrini hubaki giza.

Asiye na fedha za kadi kwa sasa anaweza kuchagua Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, ambayo ina michoro ndani yake. Ataanza na gemu nyepesi, kisha ataongeza kadi baadaye bila kubadilisha vipuri vingine.

Ubao mama ndio unaoamua nini kiingie na nini kisiingie. Prosesa za Ryzen zilizotajwa hutumia soketi ya AM4, wakati ile ya Intel hutumia LGA1700. Ya moja haiwezi kukaa katika nyingine.

Pia ubao wa zamani, kama wenye chipu za B450 wa mwaka 2018, huenda usiitambue Ryzen 5 5600 mpaka programu yake ya msingi isasishwe. Ni vyema kumtaka muuzaji afanye kazi hiyo kabla ubao haujatoka dukani.

RAM nayo ina mtego wake. DDR4 na DDR5 zina pengo mahali tofauti, hivyo haziwezi kubadilishana nafasi. Bao za AM4 hutumia DDR4 peke yake, ilhali za LGA1700 zipo za aina zote mbili.

Gigabaiti 16 ndicho kiwango cha kuanzia, na vipande viwili vya gigabaiti 8 hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha 16. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda mno duniani kutokana na mahitaji ya vituo vya kuendeshea akili mnemba, hivyo orodha ya bei ya zamani isitumike kupanga bajeti.

Kwa diski, SSD ndiyo ya kuchagua. Hata ile ya kawaida ya SATA husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde, mara kadhaa zaidi ya diski ya kuzunguka.

Kipuri kinachodharauliwa kuliko vyote ni pawa sapalai, nacho ndicho chenye uwezo wa kuua vingine vyote. Ya bei ya kutupa ikilipuka, inaweza kuondoka na ubao mama na kadi.

Inayofaa kwa vipuri hivi ni ya wati 500 hadi 550, ya kampuni inayofahamika na yenye alama ya 80 Plus. Alama hiyo huonyesha kuwa haipotezi umeme mwingi. Haithibitishi peke yake kwamba kila kilichomo ndani ni imara.

Baadhi ya pawa sapalai za bei nafuu zina swichi nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240. Iwapo swichi hiyo itaachwa kwenye 115, kifaa huungua mara tu kinapochomekwa.

Mahali ambapo umeme hukatika au kupanda na kushuka, UPS haipaswi kuhesabiwa kuwa ni anasa.

Njia nyingine inayopendwa mijini ni kununua kompyuta ya mtumba ya ofisini na kuipachika kadi. Kabla ya kufanya hivyo, kasha lipimwe na nyaya zikaguliwe. Dell OptiPlex nyingi, kwa mfano, hutumia pawa sapalai yenye kichwa cha aina yake, na ya kawaida haiingii.

Vilevile, Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 huzikataa prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache.

Orodha ikishakamilika, vipuri vinunuliwe kwa wakati mmoja au kwa muda mfupi iwezekanavyo, na risiti zitunzwe. Kipuri kilichokaa kabatini miezi mitano kikisubiri wenzake hugundulika kuwa kibovu wakati dhamana yake imekwisha.

Fedha zisipotosha, ni heri kusubiri au kupunguza ukubwa wa kadi kuliko kubana kwenye pawa sapalai. Kadi ndogo inaweza kubadilishwa mwakani; kompyuta iliyoungua huanzwa upya.