Muhogo Mchungu: Mshamba na Wajanja wa Mji

Sinema nchini mwetu haikuanza na Uhuru. Kati ya 1935 na 1937 wakoloni walitengeneza filamu 35 za majaribio kwa ajili ya Waafrika, makao yao yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Mojawapo ilimwonyesha kibarua aliyefukia mshahara wake ardhini ukaibwa, ilhali mwenzake aliuweka akiba posta. Mwafrika alifundishwa kama mtoto.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutoa filamu za hadithi kwa Kiswahili. Iliyojulikana zaidi ni Muhogo Mchungu, kichekesho cha mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kuangukia mikononi mwa wajanja.

Kicheko hicho kilikuwa na uchungu, kwani mji wenyewe ulikuwa mgumu. Mwaka 1948 ulikuwa na watu wapatao 69,000. Kufikia 1957 walizidi 128,000. Vitongoji kama Temeke na Kinondoni vilipanuka kwa watu waliofuata vibarua, na asiye na kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Kichekesho cha namna hii humbebesha mshamba lawama ya ujinga wake na mjanja lawama ya hila yake. Utawala uliowalipa wote wawili ujira duni huachwa pembeni.

Lakini wahenga walinena: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Aliyeongoza uchezaji katika filamu hiyo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Waliomtumia kuwachekesha vibarua walimkuta akiwaongoza vibarua hao hao kudai haki yao.

Baada ya Kampuni ya Filamu Tanzania kuanzishwa mwaka 1968, safari ya mshamba ilisimuliwa upya. Katika Fimbo ya Mnyonge, ya miaka ya 1970, Yombayomba anakosa kazi Dar es Salaam, kisha anajifunza maisha ya kijiji cha ujamaa. Safari hii hachekwi. Hata hivyo bado anaambiwa kwamba mji si wake.

Hatuna budi, basi, kuwafundisha vijana wetu kuitazama sinema kwa makini: wacheke, lakini waulize ni nani anayechekwa, na kwa faida ya nani.