Sauti ya Mnyonge: Mfanyakazi katika Nyimbo za Dansi za Miaka ya Dhiki

Mwanahistoria atafutaye habari za mfanyakazi wa Tanzania wa miaka ya 1980 hatazipata zote katika hotuba wala katika taarifa za wizara. Sehemu kubwa imo katika nyimbo za dansi, na huko imehifadhiwa kwa lugha ya mfanyakazi mwenyewe.

Dhiki ya miaka ile ilikuwa na vyanzo vingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikafuata, na bei ya mafuta ikapanda. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda haikulegea. Sukari na sabuni zikawa bidhaa za foleni, na mshahara ukaisha kabla ya mwezi kuandama. Karani akafuga kuku uani, mkewe akauza maandazi. Hata msamiati ukaipokea dhiki hiyo: neno “daladala” lilizaliwa humo, kutokana na nauli ya shilingi 5, yaani “dala”. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na mtu asiye na kazi inayotambulika akawa hatarini kuondolewa mjini.

Nani basi angemsemea mfanyakazi? Vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa mwaka 1964, pakabaki chama kimoja, NUTA, ambacho baadaye kilirithiwa na JUWATA. Chama hicho hicho ndicho kilichomiliki mojawapo ya bendi kubwa za nchi, NUTA Jazz, iliyokuja kuitwa JUWATA Jazz. Mwanamuziki wake alikuwa mwajiriwa: gitaa si lake, na riziki yake ni mshahara kama wa karani. Alipotaka kurekodi, njia yake kuu ilikuwa studio ya Radio Tanzania, ambako maneno ya wimbo yalikaguliwa kwanza.

Katika hali hiyo, fumbo halikuwa pambo tu. Lilikuwa pasi ya kupitia. Mlalamikaji ndani ya wimbo akawa mume asiye na kitu, au mgeni wa mjini anayesubiriwa kijijini kwa mikono mitupu. Msikilizaji aliyeshinda kwenye foleni hakuhitaji kufumbuliwa. Wala mapokeo hayo hayakuanzia kwenye dansi. Siti binti Saad wa Unguja, aliyesifika tangu miaka ya 1920, alikwisha kuonyesha katika “Kijiti” kwamba wimbo unaweza kuilalamikia hukumu ya mahakama.

Remmy Ongala alichagua njia nyingine. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978, na baadaye akavuma na Super Matimila. Yeye alilitaja neno lenyewe bila kulivisha: mnyonge. Wimbo wake “Mnyonge Hana Haki” unakaa jirani na methali ya wahenga isemayo, “Mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda.” Methali hiyo ikitoka kinywani mwa mzee ni nasaha ya kumtuliza kijana. Ikiimbwa na mnyonge mwenyewe, mbele ya umati wa wanyonge wenzake, inageuka mashitaka.

Neno hilo lilikuwa na historia. Azimio la Arusha la 1967 lilizungumzia unyonge wa taifa zima mbele ya wanyonyaji na wageni. Remmy aliurudisha unyonge nyumbani: mnyonge wake anaishi uswahilini, na anayemnyima haki huenda akawa jirani mwenye cheo au fedha. Maneno hayakubadilika, aliyeelekezewa kidole ndiye aliyebadilika. Ndiyo maana watu walimwita yeye “Sauti ya Mnyonge”, jina ambalo chama cha wafanyakazi kilipaswa kulistahili.

Diwani zetu za ushairi zina tenzi za Azimio na mashairi ya kulisifu taifa, lakini nyimbo hizi ni nadra kuchapishwa humo. Watunzi wake wamehesabiwa kuwa watumbuizaji. Remmy alifariki Desemba 2010, na wengi wa rika lake wamekwisha kumtangulia au kumfuata. Washairi na wapenzi wa lugha tuna kazi iliyo wazi: kuyasikiliza maneno hayo, kuyaandika kwa usahihi na kuyafafanua, wakati wangalipo waliokuwa ukumbini yalipoimbwa na wanaojua kila fumbo lilimlenga nani.